Biro ya kuskani makaratasi Kamalondo: pale njo nilifanyia dosye ya kufuata bwana yangu Kanada, na mshahara yake ndogo vile vile

Nianze na pahali penyewe juu watu wananiuliza kila wiki. Ni mlango ya chuma rangi ya kijani mu Kamalondo, hapa Lubumbashi, ukitoka stade ya Mazembe unatembea kwa mguu dakika saba hivi, nje kuna kibao imeandikwa kwa rangi kwamba wanaandika, wanaskani, wanaimprime na wanapiga foto za pasipoti. Ndani meza mbili, mashine tatu, benchi moja ya watu wane. Mama mwenye biro sitaandika jina yake, lakini ukiuliza mama wa skani pale kartie hata mtoto atakupeleka. Nimeenda kwake mara kumi na nne toka mwezi wa tisa 2024, na kama ningemujua mbele tungekuwa tumeweka dosye mwaka moja na nusu kabla, njo maana naandika mrefu.

Bwana yangu iko Edmonton. Alifika kule 2019 na karatasi ya kukaa, alikuwa bado kijana hajaoa. 2022 mwezi wa saba alirudi huku, wazee wakaketi nyumbani kwa baba, mu komune ya Katuba, dot (mahari) ikatoka, kisha tukaenda komune tukasaini mbele ya mkubwa wa etat sivil, yeye na mimi tumesimama pale, mashahidi wawili. Kisha akarudi kazini. Anatumika usiku, anasafisha mabiro, masaa inapanda inashuka, analipa chumba, anatuma kitu kwa mama yake Likasi, na kwangu anatuma ile inabakia. Mshahara ya mtu wa vile kila mtu anajua ni namna gani.

Sasa ile kitu ilitukamata ni hii: kila mtu alituambia kwamba kama haufikishi dola elfu 40 kwa mwaka, Kanada haiwezi kukupa bibi yako. Mjomba wa bwana yangu alisema, watu wa kanisa walisema, mtu moja alisema elfu 40 mwingine elfu 50, na bwana yangu akaamini, akaanza kutafuta kazi ya pili, akawa analala masaa tatu, akagonjwa. Usiku moja ananiambia mu telefone, «ngoja kwanza mwaka ipite, nikusanye.» Mimi nikangoja. Mwaka ikapita na hakuna kitu ilikusanyika, juu kila akiongeza masaa kodi ya nyumba nayo inaongezeka.

Mbele ya biro ya Kamalondo nilipita kwa ajanse moja ya safari hapa mjini, sitaitaja. Kijana wa pale alivaa vizuri, alikuwa na bendera ya Kanada juu ya meza, akatuwekea bei: dola 1,800 kwa jumla. Ndani yake kulikuwa dola 600 ya «kunenepesha konti», maana yake wanapitisha pesa kwa konti ya bwana yangu siku mbili tatu ionekane, na wanamutengenezea barua ya patroni mwingine na mshahara kubwa. Kulikuwa tena dola 240 ya kutafsiri akte ya ndoa, akte ya kuzaliwa na kazie (karatasi ya kuonyesha kama mtu iko na kesi) ku Kingereza. Nikaacha avansi ya dola 150. Hiyo 150 sikuiona tena mpaka leo, na niliitoa mu likelemba ya wamama wenzangu wa soko, kila mwezi nilikuwa nairudisha kidogo kidogo.

Kwa mama wa skani nilienda kutosha fotokopi tu. Alikuwa anapanga makaratasi yangu kwa meza, akaona ile karatasi ya bei ya ajanse, akaisoma polepole, akatosha miwani.

«Mama, akte yako imeandikwa na luga gani?»

Nikamwambia Kifaransa.

«Na Kanada banasoma luga gani?»

Nikanyamaza. Alinipa kiti karibu ya mashine, akafungua site ya serikali ya Kanada, ile upande ya Kifaransa, akanionyesha na kidole: makaratasi yakiwa ya Kingereza ao ya Kifaransa hayahitaji tafsiri. Akte zetu zote za komune ni Kifaransa. Dola 240 ilikuwa ya kutafsiri kitu ambayo haina haja ya kutafsiriwa. Ninajua wadada wengine hapa Lubumbashi ambao walilipa hiyo, na wengine walikopa ili walipe.

Kisha akaniuliza bwana yangu iko anatumika? Iko anatumika. Iko anakula pesa ya leta, ile wanapea watu ambao hawana kitu? Hapana. Alishafilisika mbele ya tribinali? Hapana. Alishawahi kuleta mwanamke mwingine na karatasi kama hii? Hapana. Yeye mwenyewe aliingia Kanada juu ya bibi? Hapana. Akasema, «alo nani alikuambiaka anakosa?»

Na hapa naomba usome vizuri juu njo kitu kubwa. Kwa Kanada, mtu mwenye kuleta bibi yake ao bwana yake hawamuwekei mshahara ya chini. Hakuna elfu 40, hakuna elfu 50. Wanakuangalia kipato na mizani kama mtoto wa yule unayemuleta naye iko na mtoto yake, hapo njo wanakuomba fomu ya feza. Lakini bibi peke yake, hapana. Wanataka kuona kwamba unajilisha na utamulisha, tuliweka barua ya patroni, karatasi za mshahara na ile karatasi ya kodi wanayotumaka kila mwaka, basi, vile ilivyo, bila kuongeza hata senti. Kitu ambayo inafunga mlango ni kukula msaada ya serikali, isipokuwa kama unaikula juu ya ulemavu. Pesa ya shomaji, ile unapata kisha kupoteza kazi na uliichangia wewe mwenyewe, hiyo si msaada, haifungi mlango. Mwenzangu moja wa soko bwana yake alipoteza kazi, naye akakuwa analia kwamba dosye imekufa, kumbe haikufa hata kidogo.

Nilimuuliza mama, sasa ile elfu 40 inatokaka wapi juu watu wote hawawezi kuota ndoto moja. Akasema watu wanachanganya. Kuna watu wanaleta baba na mama zao Kanada, kwa hao ni kweli mizani iko, na wanaangalia miaka tatu ya kodi. Kuna tena ndugu zetu wa Marekani. Binamu yangu iko Texas na yeye alipitia ile, kule mwenye kuleta anasaini karatasi ya I-864 na lazima afikishe asilimia 125 ya kipimo ya umaskini ya serikali, kwa nyumba ya watu wawili mwaka 2024 ilikuwa dola 25,550. Yeye hakufikisha, alikuwa na mtu wa pili, mzee wa kanisa yake mwenye uraia, akasaini pamoja naye, kule wanaruhusu hata kama hamko ndugu. Ubelgiji nako wako na mizani yao na ni kali. Basi mtu wa Texas anapiga simu Lubumbashi anaelezea yake, mtu wa Brusele anaelezea yake, huku sisi tunaiweka yote mu chungu moja tunasema «Bulaya banaomba pesa mingi.» Kila inchi iko na sheria yake. Bwana yangu aligonjwa juu ya sheria ya inchi ingine.

Siku ile nilimpigia simu pale pale mu biro. Kule ilikuwa saa kumi ya usiku, alikuwa katika pause ya kazi. Nikamusomea ile mistari ya Kifaransa kwa sauti. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Hakusema kitu, nilisikia tu ile mashine ya kusugua chini inalia nyuma yake.

Kuhusu ile «kunenepesha konti», mama alikasirika kweli kweli. Alinionyesha kwamba ukidanganya ao ukiweka karatasi ya uongo na wakaiona, wanakufungia miaka tano. Miaka tano, na kwa kitu ambayo hata haikuombwa! Fikiria, mtu iko na mshahara ndogo lakini ya kweli, sheria inamukubali na mshahara yake ile ile, kisha anauza mbuzi ya baba yake ili alipe mtu amuwekee uongo ambayo itamufungia njia. Hii inaniuma mpaka leo, na njo kitu ya kwanza namwambiaka kila mwanamke mwenye bwana yake iko mbali.

Na kitu ingine ambayo niliipenda kwake, anajua mwisho wa kazi yake. Alinisemea wazi, «mimi niko naandika, niko naskani, niko naonyesha fasi gani imeandikwa. Kama dosye yako iko na mambo ya sheria, utafute mwenye ruhusa.» Kwa Kanada mtu mwenye kulipwa juu ya kukushauri lazima akuwe avoka ao paralegali (musaidizi wa sheria mwenye ruhusa) wa kule, ao notere wa Quebec, ao konseye aliyeandikishwa kwa ile Koleji yao ya wakonseye, ile imeanza mwezi wa kumi na moja 2021, na liste ya majina iko wazi mu intaneti mtu yeyote anaweza kutafuta. Tukaandika jina ya kijana wa ajanse. Hakuna. Tukaandika jina ya patroni yake ilikuwa juu ya karte de vizite. Hakuna. Ilichukua dakika mbili, na mimi nilikuwa nimeacha dola 150 kwa mtu ambaye dakika mbili zingenionyesha. Fomu zenyewe ni za bule, zote, usilipe mtu juu ya kukupatia fomu.

Iko fomu moja, IMM 1344, ndani njo bwana yako anasaini ahadi. Mama hakukubali nipite haraka. Alisema watu wanasaini hii kama vile wanasaini daftari ya msiba. Tukaisoma: ni miaka tatu, inaanza siku ile bibi anapata karatasi ya kukaa, na ndani ya miaka hiyo bwana njo anabeba chakula, nguo, nyumba. Kama bibi anaenda kuomba msaada ya serikali, bwana atadaiwa kuirudisha. Na hata mkiachana, ahadi inabakia pale pale. Hata akipoteza kazi, inabakia. Mimi niliisoma na moyo ikashtuka kidogo, nikatuma foto ya ile ukurasa kwa bwana yangu, nikamwambia usisaini leo, lala kwanza. Mtu mwenye kipato kidogo njo anapashwa kusoma hiyo kuliko tajiri. Tuliongea siku tatu. Tukapatana kwamba mimi nikifika sitabakia nyumbani, nitatumika, na kwamba mama yake wa Likasi hatutamukata. Mazungumzo ile ilikuwa ya lazima na tungeikosa kama dosye ingejaziwa na ajanse.

Sasa pesa ya serikali. Wakati tuliweka, mwezi wa kumi na moja 2024, jumla ilikuwa dola 1,205 za Kanada: 85 ya kuomba kuleta mtu, 545 ya kutazama dosye, 575 ya haki ya kukaa. Juu yake 85 ya alama za vidole na foto. Bwana yangu alipoona 1,205 alisema tungoje tena. Na hapa tena mama alituonyesha mstari: ile 575 unaweza kuilipa nyuma. Serikali inashauri ulipe yote mara moja juu dosye isisimame mwishoni, na wenye wanaweza wafanye vile, lakini kwa sisi kuanza na 630 na 85 ndiyo ilifanya tuanze, bila hiyo tungekuwa bado tunangoja. Mtu wa ajanse hakutusemea hiyo hata siku moja, yeye alikuwa anasema «frais ya ambasade» bila kutenganisha.

Nataka kuelezea siku ya mafoto juu ile siku siisahau. Liste ya makaratasi inaomba ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na inasema foto zisipite 20, na mazungumzo ya telefone ao ya meseji yasipite kurasa 10. Mimi nilifika na mfuko ya foto zaidi ya mia mbili na WhatsApp ya miaka mine. Mama akasafisha meza moja yote, akafukuza kijana mmoja wa mémoire (kazi ya kumaliza masomo ya universite) akamwambia arudi saa nane, tukazitandika. Nilikuwa nachagua zile nimependeza, ile ya gauni nyeupe, ile ya keki. Yeye akaziweka pembeni karibu zote, akabakisha gauni nyeupe moja. Akaniuliza, «huyu ni nani?» Ni shangazi ya bwana. «Huyu?» Baba yangu, anapokea pagne. «Hii ilipigwa wapi?» Nyumbani, siku ya dot, ile siku mvua ilinyesha tukaingiza viti ndani. Akasema hii njo inasema kitu. Foto ya mbuzi imefungwa kwa mwembe wa baba, wajomba wa pande mbili wanahesabu, bwana yangu amechoka, kola imelowa. Foto ya sisi wawili tunakula bukari na sombe kwa mama yake Likasi, mikono ndani ya sahani moja. Foto ya bwana yangu mbele ya uwanja wa ndege wa Luano siku ya kurudi, macho nyekundu. Chini ya kila foto akaandika tarehe, pahali, na majina ya watu, kwa Kifaransa, mstari moja moja. Ilichukua masaa mane. Alihesabu kurasa tu, masaa hakuhesabu.

Meseji nazo zilikuwa na shida yao, na hapo tafsiri ilihitajika ya kweli. Sisi tunaandikiana na Kiswahili ya huku, imechanganyika na Kifaransa, na ofisa wa kule hatasoma «nalala sasa baba, nimechoka, umekula?» Kitu ya Kiswahili lazima itafsiriwe na mtafsiri wa kiapo. Mama akaniambia usitafsiri kurasa 10 zote ya Kiswahili, tafuta ndani ya ile miaka mine siku ambazo mliandikiana Kifaransa mingi. Nikarudi nyumbani nikasoma miaka mine ya meseji zetu usiku tatu. Nikakuta tunaandika Kifaransa wakati wa mambo ya pesa na ya hospitali, na Kiswahili wakati wa mambo ya mapendo. Tukachukua kurasa saba za Kifaransa, na tatu za Kiswahili tukapeleka kwa mtafsiri aliyeapa tribinali. Moja kati ya hizo tatu ni usiku baba yangu aliingia lopitalo, bwana yangu aliandika mpaka asubuhi. Ile sikukubali iachwe.

Niseme tena kitu moja juu ya ndoa yenyewe juu kuna msichana alikuwa benchi pembeni yangu akalia siku hiyo. Yeye ndoa yake ilifanywa bwana akiwa Winnipeg, kaka yake njo alisimama komune pahali pake na bwana akaonekana mu video. Toka mwezi wa sita 2015 Kanada haihesabu ndoa ya vile kwa dosye ya kuleta mtu, ya kusimamiwa na mwingine ao ya telefone ao ya intaneti, hata kama komune yetu imepiga mihuri kumi. Mama hakumudanganya wala hakumulipisha kitu siku ile, alimwambia kwanza bwana aongee na avoka wa kule mbele ya kutosha hata franka moja. Kama bwana yako iko anapanga kukuoa kwa mbali ili aokoe tiketi, msemee hii leo.

Bei zake. Fotokopi franka 200, kuskani franka 500 kwa ukurasa, kuandika na kuimprime kunategemea, foto za pasipoti ni bei sawa na wengine wa kartie. Kwa jumla toka mwanzo mpaka siku tuliituma kwa ile portal ya serikali nilitosha kama dola 41, na kila mara alinipa risiti ndogo ya mkono yenye tarehe. Ulinganishe na 1,800.

Ambayo sikuipenda nayo ipo. Umeme ukikatika yeye hana grupe, iko na batri moja ya kuendesha mashine moja, basi mnangoja, kuna siku nilitoka Katuba asubuhi nikarudi saa kumi na moja bila karatasi hata moja. Skana yake inatoa mafaili mazito sana, portal ilikataa mara mbili tukarudia kuskani yote kwa uzito ndogo, na ile marudio alinilipisha nusu, nilimwambia wazi kwamba haikuwa haki juu kosa ilikuwa ya mashine yake, akanikatia kwa siku iliyofuata. Jumamosi hafungui, ni siku yake ya kusali. Siku Mazembe inacheza usijaribu kufika, njia inajaa mpaka usiku na kelele inaingia ndani hausikii hata mtu wa telefone. Na kati ya mwezi wa sita na wa nane wanafunzi wa Unilu wanajaza pale na mémoire zao, nenda asubuhi saa mbili ao usiende kabisa. Tena benchi ni moja, kila mtu anasikia mambo yako. Kama dosye yako iko na siri, ndoa ya kwanza, mtoto wa nje, mwambie mama mapema mupatane saa ya jioni. Na usiifiche mtoto mu fomu, kwa Kanada mtu wa jamaa ambaye haukumutaja wakati ulipoingia anaweza kukufungia njia ya kumuleta nyuma.

Mwezi wa pili barua ya alama za vidole ilikuja. Hiyo inafanyikia Kinshasa, na madaktari wa uchunguzi waliokubaliwa nami niliwaona kule kule Kinshasa, barua yao ilipokuja. Huku na Kinshasa hakuna barabara ya kupita nayo kwa siku moja, ni ndege, na tiketi mara mbili ingetuua. Mama alinishauri kitu ndogo tu: usinunue tiketi siku barua inakuja, angalia kwanza tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani, halafu upange. Nilipanga nikalala kwa dada mdogo wa mama yangu Lemba, nilikaa kule mpaka barua ya daktari ikafika, nikafanya vyote kwa tiketi moja ya kwenda na kurudi. Kwa watu wengine barua ya pili ilichelewa miezi, kwa hiyo usihesabu kwamba itakuwa vile kwako.

Bwana yangu walishamukubali kama mwenye kuleta. Na mshahara ile ile. Barua ilikuja Jumatano asubuhi, nikaenda Kamalondo kuiimprime juu nilitaka kuishika na mkono, mama akaisoma akaniambia ukurasa wa pili unadai ile 575. Bwana yangu iko na 390. Alhamisi ijayo atalipwa, atamalizia, na Ijumaa nitapita kuskani risiti mbele biro haijafungwa.